Nahesabu Madirisha

Wiki ya tatu sasa sipati usingizi. Wanaume wenzangu hapa Mabatini, Mwanza, wakikosa usingizi wanahesabu madeni, mimi nahesabu madirisha. Kioo cha mbele vipande viwili. Milango ya dereva na utingo, kimoja kimoja, jumla vinne. Ubavuni... hapo napotea, narudi mwanzo. Juzi saa tisa usiku Mama Kulwa akawasha taa: "Baba Kulwa, mbona unanyoosha vidole hewani? Unamwita nani?"

Chanzo ni Kulwa. Doto ndugu yake ana adabu, akishika simu anaangalia mpira. Kulwa kazi yake ni kuniletea habari ambazo sikuagiza. Jumapili moja nimekaa zangu kibarazani nakula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akaja na simu yake. "Baba, unajua kuna Mercedes ya mwaka 1955 imeuzwa euro milioni 135?" Nikamwambia hiyo siyo bei ya gari, hiyo ni bei ya barabara na madaraja yake. Akasema ni kweli kabisa, imeuzwa Ujerumani mwaka 2022, na zilitengenezwa mbili tu duniani. Hakuishia hapo. Kuna Ferrari inaitwa 250 GTO, zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na moja iliuzwa Marekani mwaka 2018 kwa dola milioni 48 na ushee.

Hayo hayakuniuma hata kidogo. Mimi na Ferrari hatudaiani. Haijawahi kuniponyoka mkononi, wala baba yangu hakuwahi kuifungia mbuzi nyuma. Nikachukua mchembe mwingine.

Ndipo kidole cha Kulwa kikateleza na picha nyingine ikapanda. Volkswagen Kombi. Ile ya zamani yenye pua ya mviringo, nembo kubwa kifuani kama mshindi wa mieleka, kioo cha mbele kimegawanywa katikati. Ya mwaka 1965, imepigwa mnada Marekani mwaka 2017. Dola 302,500. Nikamwambia apige hesabu kwa shilingi. Akapiga. Zaidi ya milioni 700. Mchembe ukanikwama kooni, nikapigwa mgongo na mke na watoto wawili kwa pamoja kama ngoma ya Bugobogobo.

Maana ile Kombi tulikuwa nayo.

Tulikuwa nayo Sengerema, nyumbani kwetu, chini ya mwembe. Baba alikuwa karani wa pamba, akainunua mwaka 1973 kutoka kwa padri Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Juu nyeupe, chini nyekundu, kama sare ya shule. Ilibeba wagonjwa, maharusi, mahindi, kwaya, na mara moja ilibeba ng'ombe aliyekataa kushuka. Injini yake ilikuwa nyuma na inapozwa kwa upepo, haina rejeta. Jambo hilo baba mdogo hakulijua. Mwaka 1976 aliazimwa gari aende Geita, njiani akaona limepata joto, akatafuta pa kuweka maji mbele akakosa, akazunguka, akakuta kifuniko ubavuni kwa nyuma. Akamimina lita tano za maji ya ziwa. Kilikuwa kifuniko cha petroli. Mpaka leo anasema kosa ni la Wajerumani, mtu mwenye akili haweki injini mahali pa buti.

Halafu ikaja vita ya Kagera, halafu ikaja ile miaka ya shida ya mafuta, ambapo Jumapili ikishafika saa nane mchana hairuhusiwi kuendesha gari bila kibali. Spea hakuna, sabuni yenyewe hakuna. Kombi ikasimama chini ya mwembe kwa muda, ule muda wa Kitanzania ambao haujaisha mpaka sasa. Kufika 1984 mama akahamishia kuku humo. Na niseme ukweli, lilikuwa banda zuri kuliko nyumba za watu wengi. Jogoo alikuwa analala kwenye usukani. Akiwika alfajiri, unaona kama dereva anaita abiria.

Mwaka 2003, baba ameshatangulia mbele ya haki, akapita kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wa ng'ombe. Wa kumwita ni nani? Mimi. Mtoto mkubwa, msomi wa familia, nimetoka Mwanza mjini na viatu vya kung'aa. Nikasimama mwenyewe kwenye mizani, tena kwa ukali, nisije nikapunjwa! Wakaikatakata vipande, ikatoka kilo 640. Kilo shilingi 120. Ilitakiwa 76,800, akanipa 75,000, ile 1,800 akasema ni ya mizani. Nikagomba kwa ajili ya hiyo 1,800 nusu saa nzima. Nilijiona mfanyabiashara.

Zile hela nilinunua redio. Ilikufa baada ya miezi minne.

Sasa mngesema, yaliyopita si ndwele, lala Baba Kulwa. Ningelala. Lakini Kulwa, mtoto niliyemlipia ada, akaongeza sentensi moja iliyoniua: "Lakini baba, inategemea ilikuwa na madirisha mangapi."

Kumbe Kombi hazikuwa sawa. Ya kawaida ilikuwa na madirisha 11: mawili ya mbele, mawili ya milango, matatu kila ubavu, moja nyuma. Hiyo ina bei nzuri lakini haiui mtu. Sasa kulikuwa na nyingine ya kifahari, wanaiita Samba. Hiyo ubavuni ina manne kila upande, halafu juu kwenye ukingo wa paa ina vidirisha vinane vyembamba, vinne huku vinne huku, ili watalii waone vilele vya milima bila kuinama. Jumla 23, kwa sababu nyuma kwenye pembe kulikuwa na vioo viwili vya kupinda. Kuanzia zile za 1964 wakaondoa hivyo vya pembe, zikabaki 21. Iliyouzwa hizo dola ilikuwa ya 21.

Mnaelewa mateso yangu? Kama yetu ilikuwa ya 11, nimeuza banda la kuku, hakuna kesi. Kama ilikuwa ya 21, mimi ndiye mpumbavu ghali kuliko wote Kanda ya Ziwa. Na sikumbuki. Nimelala ndani ya lile gari, nimetapika ndani ya lile gari, nimekusanya mayai humo miaka kumi, sikuwahi kuhesabu dirisha hata moja.

Nikampigia mama. Nikamwamkia, nikauliza hali ya mguu, nikauliza mvua, nikauliza mihogo, ndipo nikauliza, "Mama, ile Kombi ilikuwa na madirisha mangapi?"

Akanyamaza kidogo. "Yalikuwa yanatosha."

Nikampigia dada yangu yuko Nansio. Yeye akasema anachokumbuka ni kwamba mvua ikinyesha kuku walikuwa wanalowa kutokea juu. Moyo ukaruka: vidirisha vya paa hivyo! Nikapiga magoti ya shukrani, halafu nikapiga magoti ya kilio, maana ina maana nimeuza milioni 700 kwa redio. Halafu akaongeza, "Si kutu ile? Paa lilikuwa limetoboka kama chujio la chai." Nikainuka. Mtu wa umri wangu hawezi kupiga magoti na kuinuka namna hiyo kila siku.

Baba mdogo alisema yalikuwa 30. Nikamuuliza amehesabuje. Akasema, "Mwanangu, gari lile lilikuwa na mwanga." Huyu ndiye shahidi aliyeweka maji kwenye petroli.

Pale Mlango Mmoja ninapouza viatu vya mtumba, jirani yangu wa kibanda alijaribu kunifariji. Kwao walikuwa na Peugeot 404, baba yake akaibadilisha kwa baiskeli mbili na ndama. Na 404 siyo gari la mchezo, anasema, ilichukua Safari Rally mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na ile ya 1966 na 1967 dereva wake, Bert Shankland, alitokea Dar es Salaam. Nikamwombea kwa Kulwa aangaliwe bei. Kulwa akasema zenye pesa kubwa ni za paa la kufunguka, hizi za kawaida zilizojaa vijijini bei yake ni ya kibinadamu. Jirani akashusha pumzi. Sasa analala. Ndama wake alizaa. Nimeacha kumsalimia asubuhi.

Ukiniuliza, tatizo siyo Kombi peke yake. Ni mimi. Kuna watu bahati inawabishia hodi, mimi huwa inaingia ndani, inakaa, inakula, inaaga, na mimi nimeangalia upande mwingine. Ujanani nilipara sangara ufukoni hapa Mwanza. Yale mabondo, vile vifuko vya hewa tumboni mwa samaki, tuliyatupa. Tulikuwa tunayarusha juu makorongo yanadaka, ndiyo ilikuwa sinema yetu. Leo bondo linasafirishwa mpaka China, kilo yake inacheka kilo ya samaki aliyelibeba. Yale makorongo mnayoyaona yanatembea Kirumba kwa maringo, mikono nyuma kama wakaguzi wa shule, ndiyo yaliyokula mtaji wangu. Halafu kuna kiwanja cha Buswelu. Sitaki kuongelea Buswelu. Nilisema ni porini, nani atakwenda kuishi na fisi. Aliyekinunua ananipigia honi akipita.

Lakini kwenye hili la magari nimegundua dhuluma ambayo hakuna anayeisema. Nilimuuliza Kulwa: kwa nini ile Volkswagen ndogo, kobe, haifiki bei za ajabu hizo? Akasema zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, mpaka mwaka 2003, zimejaa dunia nzima. Na Samba je? Zilikuwa chache tangu mwanzo, halafu nyingi zilioza, ziligongwa, zilikatwakatwa. Nikamshika mkono. Zilikatwakatwa na nani? Na sisi! Kila Kombi iliyopimwa kwenye mizani iliiongezea thamani ile iliyofunikwa turubai kwenye gereji ya Mmarekani. Mimi, kwa kilo 640, nimepandisha bei ya gari la mtu nisiyemjua. Kuku wa mama yangu wamechangia. Je, kuna siku yule tajiri amepiga simu Sengerema kusema hata wabeja, asante ya Kisukuma?

Na mjue wanavyojua kutesa. Nilikwenda kwa fundi mmoja Igoma kuuliza kama mabaki yangepatikana ingewezekana kuyaunga. Akasema inawezekana, atapiga puti, atapaka rangi ya silva, ataweka injini ya Hiace. Kulwa akacheka mpaka akakaa chini. Eti Wazungu wanataka rangi ile ile ya kiwandani hata kama imepauka, injini ile ile yenye namba yake, kadi ile ile. Kutu yenyewe wanaisifia. Hapa kwetu gari likizidi umri unatozwa ushuru wa uchakavu bandarini, kule uchakavu unalipwa wewe!

Kwa hiyo tangu wiki iliyopita nimekataa kuuza Carina yangu. Namba A, yaani za zamani kabisa, haijawaka tangu Desemba, mlango wa nyuma unafunguliwa kwa kijiko. Mama Kulwa amepata mteja, nimemfukuza. Nimeifunika shuka. Kulwa anasema Toyota walizitengeneza Carina kama vijiko, zingojewe miaka mia. Nimemwambia nitangoja. Mama Kulwa akauliza kama anaweza kuweka kuku humo wakati tunangoja. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe peke yangu. Mwanza mawe hayakosekani.

Jumamosi nikaamua kumaliza ubishi. Mama alisema kuna picha ya harusi ya shangazi, 1978, na Kombi ipo. Nikapanda basi. Zamani pale Kigongo ungengoja kivuko mpaka ukafahamiana na watu ukachangia harusi zao, sasa tangu Juni 2025 kuna daraja la kilometa 3, dakika chache uko Busisi. Nilifika na moyo unadunda kama mtu anayefuata matokeo ya mtihani.

Mama akaitoa kwenye Biblia. Picha nyeusi na nyeupe. Kombi ipo, ubavu mzima, imepigwa picha vizuri kabisa. Na mbele ya ubavu huo wamesimama ndugu 19, mabega yamegusana, hakuna panapopita mwanga. Shangazi ana shela kama chandarua. Nikasema basi niangalie paa. Juu ya paa kuna godoro. Juu ya godoro kitanda. Juu ya kitanda kabati na mbuzi.

"Shangazi yako alipewa zawadi nyingi," mama akasema, kwa fahari.

Nikarudi na picha. Kulwa akaipiga kwa simu, akaikuza, akaikuza tena. Pale nyuma, juu ya bega la baba mdogo, karibu kabisa na ukingo wa paa, kuna kitu kinang'aa. Chembamba, cha mviringo. "Hiki baba," akasema, "ama ni kidirisha cha juu, ama ni upara wa baba mdogo."

Nikapiga simu saa hiyo hiyo, sikuuliza hata mihogo. Baba mdogo akafikiri. Akasema mwaka ule alikuwa bado ana nywele.