Nilivyoitangaza Bunda Rio de Janeiro

Nianze na fulana, maana bila ile fulana siku ingepita salama.

Tuliitengeneza tulipotimiza miaka 25 tangu kumaliza sekondari, sisi vijana wa Bunda, mkoani Mara. Vijana, yaani watu wenye vitambi na dawa za presha mfukoni. Ya kijani, na mgongoni herufi nyeupe kubwa kama za bango la kampeni: BUNDA. Yangu ilikuja imezidi saizi mbili. Nikiivaa, maandishi hayakai mabegani. Yanateremka, yanapita kiuno, yanatulia pale pale ninapokalia. Nyumbani hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo.

Rio de Janeiro nilikwenda kwa mkutano wa siku 5. Hata pale uwanja wa ndege afisa wa uhamiaji alifungua pasipoti yangu, akasoma, akanitazama, akatabasamu mpaka jino la mwisho. Nikasema moyoni, kumbe Wabrazili ni watu wakarimu namna hii. Nikampungia mkono.

Jumamosi mkutano ulikuwa umekwisha. Tukalipia gari la watalii, la kututembeza mji kutwa, mimi na mwenzangu mmoja wa mkutanoni, Mmakonde wa Pemba. Pemba ya Msumbiji, si ya karafuu. Kiswahili chake safi, na Kireno amekisomea tangu darasa la kwanza. Mkumbukeni huyu mtu.

Usiku wa kuamkia safari nilijifunza Kireno kwenye simu. Nilikuwa na maneno machache tu: asante, ndiyo, kubwa, nzuri sana, natoka mahali fulani. Lakini kiburi nilikuwa nacho kingi. Mtu anayesema meza, bendera, leso na karata tangu utotoni, Wareno walishamkopesha nusu ya lugha, kilichobaki ni kumalizia tu.

Asubuhi tumekaa garini, nimevaa fulana yangu. Mwongoza watalii, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, akasema kila mtu ajitambulishe na aseme anatoka wapi. Wengi walikuwa Wabrazili wa mikoani. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikakohoa kidogo.

"Eu sou de Bunda."

Gari likanyamaza. Bibi mmoja aliyekuja na mumewe kutoka Minas Gerais akaweka kiganja mdomoni. Mwongozaji akaniuliza polepole, kama daktari anayemuuliza mgonjwa: "De… Bunda?"

"Sim!" Nikaona hawapajui, ni wajibu wangu kuwasaidia. "Bunda grande!" Nilitaka waelewe kwamba siku hizi ni mji kamili, una halmashauri yake. Bado kimya. Nikaweka mkono kifuani, nikamalizia kwa hisia: "Bunda muito bonita!"

Gari likalipuka. Babu wa Minas alikuwa anajipiga mapaja, machozi yanamtiririka. Dereva taa zilimwakia kijani, hakuondoka. Mimi nikaketi nimeridhika, maana balozi gani angeweza kufanya zaidi ya hapo kwa maneno matatu? Nikamgeukia Mmakonde: "Umeona? Wamepapenda."

Alikuwa anatazama dirishani, mabega yanamtikisika. "Wamepapenda sana, kaka. Endelea hivyo hivyo."

Tukaanza na Corcovado, mlima wenye ile sanamu ya Kristo. Mnapanda treni pale Cosme Velho, inakwea taratibu katikati ya msitu wa Tijuca. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1884, miaka mingi kabla ya sanamu, na ndiyo iliyobeba vifaa vya kujengea. Mwongozaji akatueleza kwamba huo msitu tunaouona si wa tangu Adamu. Milima ilifyekwa kwa ajili ya kahawa, maji ya mji yakaanza kukauka, na kuanzia mwaka 1861 miti ikapandwa upya kwa mikono, nyingi ya kazi hiyo ikifanywa na watumwa.

Juu kule, mita 710 kutoka baharini, tukakuta wingu. Sanamu ya Kristo Mkombozi ina urefu wa mita 30, imesimama juu ya kitako cha mita 8, mikono imetandazwa mita 28. Sisi tuliona kitako. Ukitulia sana, vidole vya miguu. Sasa watu wamekuja kutoka duniani kote, simu ziko mkononi, Kristo kajifunika shuka, watapiga picha nini?

Wakanipiga mimi.

Alianza kijana mmoja, akanionyesha kwa ishara nigeuke nimpe mgongo. Nikageuka. Nitanue mikono kama sanamu. Nikatanua. Nikawa nimeelekea baharini, mikono nje, upepo unapeperusha fulana, na nyuma yangu watu wanacheka kwa furaha na kusoma kwa sauti, "Bunda! Bunda!" Foleni ikajipanga. Bibi wa Minas alipiga picha nne. Nilikuwa nikiwaza jinsi nchi inavyotumia mabilioni kujitangaza, kumbe dawa ni fulana moja ya pamba.

Kutoka hapo tukaenda Lapa, kwenye ngazi za Selarón. Huyu Jorge Selarón alikuwa msanii wa Chile, alianza mwaka 1990 kuzipamba ngazi za mbele ya nyumba yake kwa vipande vya vigae, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 2013. Ni ngazi 215. Nazitaja kwa idadi kwa sababu nilizipanda zote, na ngazi zina tabia moja: anayepanda nyuma yako, uso wake unakuwa sawasawa na mahali ambapo maandishi yangu yalikuwa yamekaa. Nilisindikizwa na vicheko kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya mwisho.

Mchana tukapelekwa kula nyama. Utaratibu wao ni kwamba unakaa, unapewa kikadi chenye upande wa kijani na upande wa nyekundu. Ukiacha kijani juu, wahudumu hawaishi kuja na mishikaki mirefu kama mapanga, wanakukatia hapo hapo mezani. Ikaja picanha. Mabibi na mabwana, mimi ni mtu wa Mara, nimekulia kwenye nyama, lakini ile ilikuwa na ukanda wa mafuta pembeni, umebabuka, chumvi ya mawe tu, ukitafuna unajikuta umefumba macho. Nikataka kujua ni sehemu gani ya ng'ombe. Mhudumu hakujua Kiingereza. Nikamwonyesha kwa mikono: hii, bega? Akatikisa kichwa. Mbavu? Hapana.

Akafikiri kidogo. Kisha akaweka mshikaki mezani, akageuka, akajipiga kofi kwenye kalio.

"Bunda," akasema. Kisha, ili nisikose kuelewa, akazunguka nyuma ya kiti changu na kunionyesha kwa kidole maandishi yangu mwenyewe.

Kile kipande nilichokuwa nacho mdomoni kilikataa kushuka. Kama mkanda wa video uliorudishwa nyuma, nikamwona mtu mzima aliyesimama ndani ya gari la watalii na kutangaza kwamba ametoka kwenye makalio, kwamba ni makalio makubwa, na kwamba ni mazuri sana. Nikajiona kule mlimani, mikono nimeitanua. Nikaziona ngazi, zote 215.

Nikamtafuta Mmakonde. Alikuwa chini ya meza, eti anaokota uma.

"Umejua tangu asubuhi?"

"Kaka, nimejua tangu juzi uliposema umezaliwa wapi."

Nikageuza kikadi upande wa nyekundu.

Chooni nikapata wazo: niivae fulana mbele nyuma. Mgongo ukaja mbele, neno likashuka mpaka mahali ambapo lilikuwa kosa kubwa zaidi. Nikaigeuza ndani nje, herufi zikapenya kitambaa, unazisoma vizuri tu ila kwa nyuma. Nikatoka nimejifunga sweta la Mmakonde kiunoni, kwenye joto lile, jasho mpaka kwenye soksi.

Mwongozaji alinionea huruma. Tulipokuwa tunapita kando ya bandari, akaniambia nisiwe na aibu, neno hilo ni la kwetu Afrika. Limetoka kwenye Kimbundu cha Angola, kama walivyolipata "caçula", mtoto wa mwisho, na "moleque", mvulana. Akatuonyesha Cais do Valongo, gati la mawe lililofukuliwa mwaka 2011, ambako maelfu kwa maelfu ya Waafrika walishushwa kuuzwa, na maneno yao wakashuka nayo. Mmakonde aliacha kucheka. Tulisimama pale kidogo, wote wawili, tukitazama yale mawe.

Halafu bibi wa Minas akanigusa bega, akanipa pipi, akaniita "Bunda" kwa upole kabisa, kama vile ndilo jina nililobatizwa nalo. Likanikaa mpaka jioni. Kwenye kilele cha Pão de Açúcar, mita 396, jua linazama nyuma ya Corcovado na mawingu yote yameondoka, yule Kristo sasa anaonekana wazi, kadogo kama msumari, nilikuwa nimevaa fulana mpya ya njano niliyoinunua kwa bei ya kulilia. Nikaomba mtu anipige picha. Kundi zima likapiga kelele: "Vira, Bunda!" Geuka. Basi nikageuka.

Kesho yake nikaenda uwanja wa ndege nimevaa shati jeupe na tai. Fulana ya kijani nimeikunja chini kabisa ya sanduku, juu yake viatu, juu ya viatu kilo mbili za kahawa. Nikafika dirishani kwa afisa, nimenyooka kama mheshimiwa, nikampa pasipoti.

Akaifungua ukurasa wa picha. Akapitisha kidole kwenye jina, kwenye tarehe, kidole kikafika kwenye mahali pa kuzaliwa, kikasimama.

Akainua macho, akamwita mwenzake wa dirisha la pili.