Msiwapime Wacheki kwa rula ya Mozart

Kila nikisoma habari za watunzi wa muziki wa Bohemia, nchi ya Wacheki, waliofanya kazi Vienna, Paris au London katika karne ya 18, nakuta sentensi ileile: huyu alikaribia Mozart, yule alimfuata Haydn. Inaniudhi, kwa sababu msomaji akishaambiwa hivyo haendi kusikiliza. Ataendaje, na amekwisha kupewa kivuli badala ya mtu?

Mchukueni Jan Křtitel Vaňhal. Alizaliwa Nechanice mwaka 1739, katika familia ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya kabaila. Akaenda Vienna, akafundisha, akatunga, mpaka akapata fedha za kujinunulia uhuru wake. Mwimbaji Michael Kelly aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alihudhuria jioni moja ambapo kwarteti, yaani muziki wa wapigaji wanne, ilipigwa na Haydn na mtunzi mwenzake Dittersdorf kwenye fidla, Mozart kwenye viola (fidla kubwa kidogo), na Vaňhal kwenye chelo. Alikuwa ameketi nao, anapiga nao. Huyo simwiti mfuasi.

Lakini hoja yangu hasa iko kwenye ala za kupuliza. Hapo ndipo Wacheki walipoleta kitu ambacho Vienna na Paris hazikuwa nacho kwa wingi huo, na chanzo chake kiko kwao nyumbani. Mwaka 1772 Mwingereza Charles Burney, mwandishi wa historia ya muziki, alipita katika mji wa Čáslav huko Bohemia akaingia shuleni, akakuta watoto wadogo, wavulana kwa wasichana, wakijifunza fidla na ala za kupuliza kama obo na basuni, pamoja na kusoma na kuandika. Makabaila nao walipenda kuajiri watumishi wanaojua kupiga ala: mchana wapokee wageni, jioni wawapigie muziki. Mtoto wa maskini aliyejua kupuliza vizuri alikuwa na njia ya kutoka. Njia hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya kabaila pia.

Jan Václav Stich aliijua vizuri. Kabaila Thun alimgharamia masomo ya pembe, ala ya shaba ya okestra, akarudi kumtumikia, kisha akatoroka. Inasimuliwa kwamba watu wa kabaila walitumwa kumng'oa meno ya mbele ili asipulize tena. Hawakumpata. Akavuka mpaka, akajiita Giovanni Punto, akazunguka Ulaya akisifiwa kila mahali, na mwaka 1800 Beethoven akamtungia sonata ya pembe na piano, Opus 17 (yaani kazi yake namba 17). Nikiisikia sonata hiyo siwezi kuyasahau meno yale.

Na sasa Antonín Reicha, ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa Prague mwaka 1770, baba akafariki yeye akiwa mchanga. Akiwa bado mtoto alitoroka nyumbani, akaishia kulelewa na ami yake Josef, mpiga chelo aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani. Josef alipohamia Bonn kuongoza okestra ya huko, Antonín akapuliza filimbi katika okestra hiyohiyo ambamo rika lake Beethoven alipiga viola. Baadaye akaishi Hamburg, Paris, Vienna, kisha Paris tena kuanzia 1808 hadi alipofariki mwaka 1836. Alifundisha katika konsavatwa ya Paris, yaani chuo cha muziki, na watunzi Berlioz, Liszt na Franck walipitia mikononi mwake.

Wanafunzi hao ndio wanaomfanya atajwe vitabuni. Mimi ningemtaja kwa kwinteti zake 24, muziki wa wapigaji watano, za filimbi, obo, klarineti, pembe na basuni. Kabla yake ala hizi kwa kawaida zilipangwa mbilimbili, zikipigwa bustanini au mezani watu wakila. Reicha alichukua moja moja, sauti tano zisizofanana hata kidogo, akazitaka zifanye kazi ya kwarteti ya nyuzi: zijadiliane, zipokezane, zikatizane kauli. Ni kazi ngumu sana, maana fidla mbili na viola huyeyuka pamoja zenyewe, ilhali obo na pembe hazikubali kuyeyuka. Yeye aliiacha tofauti hiyo isikike, akaitungia.

Anzeni na Opus 88 namba 2. Sikilizeni pembe: wakati ule haikuwa na vali, vile vibonyezo vya kubadilishia noti, mpulizaji aliingiza mkono ndani ya mdomo mpana wa ala, kule sauti inakotokea, ili apate noti zilizokosekana, na bado Reicha anaipa maneno ya kusema sawa na wenzake wanne.