Gregory Crewdson na gharama ya kuutunga upweke

Lawama kubwa inayomwandama mpiga picha Mmarekani Gregory Crewdson, hasa tangu mradi wake wa Beneath the Roses uliodumu kuanzia 2003 hadi 2008, ni kwamba hapigi picha mwenyewe. Hufunga mtaa mzima katika miji midogo ya magharibi mwa Massachusetts, humwagia barabara maji ili lami ing'ae, hupandisha taa juu ya kreni na kutandaza ukungu wa mashine. Kisha, mafundi wote wakiwa tayari na jua likikaribia kuzama, kitufe cha kamera hubonyezwa na mtu mwingine. Kwa wanaoamini kwamba sifa ya mpiga picha ni kulidaka tukio lilivyo, hiyo ni sinema iliyopungukiwa na hadithi, tena ya gharama kubwa mno kwa picha moja.

Suala la gharama lina uzito, maana mpiga picha kijana asiye na jumba la sanaa la kumdhamini hawezi hata kuota kazi ya namna hiyo. Suala la kitufe ndilo jepesi. Kamera aliyotumia katika Beneath the Roses ilikuwa ile kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10, iliyosimikwa mahali pamoja bila kusogezwa, na filamu kadhaa zilizopigwa kutoka hapo ziliunganishwa baadaye kwa kompyuta: dirisha kutoka hii, uso kutoka ile. Katika utaratibu huo hakuna nukta moja ya kudaka. Uamuzi umetawanyika katika miezi ya kutafuta mahali, kuchora, kupanga taa na kuchagua vipande, na humo mwote uamuzi ni wake.

Tazama picha yake maarufu ya 2001, kutoka mradi uliotangulia, wa Twilight. Sebule imejaa maji, mwanamke aliyevaa gauni jepesi anaelea chali macho wazi, na kandambili zake zimebaki ngazini. Taa za mezani zinawaka kana kwamba hapana lililotokea. Hakuna mwandishi wa habari ambaye angeweza kuingia katika sebule hiyo, kwa sababu huzuni ya ndani ya nyumba haimngoji mtu mwenye kamera.

Ila kilichonifanya niitetee kazi yake zaidi ni hesabu ya watu. Pittsfield, mji wa Massachusetts anaourudia mara kwa mara, ulikuwa na wakazi 57,879 mwaka 1960. Mwaka 2020 walibaki 43,927. Karibu mmoja kati ya kila wanne hayupo. Kampuni ya General Electric, iliyowaajiri maelfu pale, ilipunguza shughuli zake na kuacha kemikali za sumu katika mto Housatonic. Sasa, pengo kama hilo linapigwaje picha? Ukienda na kamera mkononi utakuta mtaa mtupu, na mtaa mtupu unaweza kuwa wa Jumapili asubuhi tu. Crewdson humsimamisha mtu mmoja chini ya taa katika barabara iliyojengwa kwa ajili ya umati, na papo hapo jicho linaanza kuwatafuta wengine. Asiyekuwepo huonekana kwa sababu aliyepo amepangwa. Katika mradi wa An Eclipse of Moths, alioupiga mjini humo mwaka 2018 na 2019, mbinu hiyo imekomaa zaidi: watu wamekuwa wadogo mno ndani ya viwanja vilivyoota magugu.

Hata hivyo, wapo wanaosema kwamba unyonge wa mji wa wafanyakazi umegeuzwa pambo la kuuzwa kwa matajiri wa mbali, na mtunzi wa picha hizo ni profesa wa Chuo Kikuu cha Yale. Kurudi kwake eneo lile kwa miongo kadhaa kunapunguza makali ya shutuma hiyo, ingawa hakuifuti. Wakazi wengi wanaojitokeza katika kazi zake huelekezwa wasioneshe hisia yoyote usoni, na picha nyingi za Beneath the Roses hazina majina. Wakosoaji wangeacha kile kitufe wakalishika hili, wangekuwa na kesi nzito zaidi, kwani huko Pittsfield watu hucheka pia, na kicheko hicho bado hakijapata nafasi katika fremu hata moja ninayoikumbuka.