Farasi anayesema, na sisi watu wa Kusini

Mvuvi anataka sarafu 70 za hilali, mgeni anatoa 15, na kinachouzwa ni mtoto aliyebana nje ya ukuta akisikia kila neno. Nilipofika hapo kwenye kitabu nilichokuwa nikiwasomea watoto nikanyamaza kidogo, maana Mzee wangu, aliyekuwa ndani akiziba matundu ya jarife lake, alitoka na sindano ya nyavu mkononi. "Mtoto anayejua kushona nyavu kwa kumi na tano?" akauliza. "Huyo mgeni mwizi." Kisha akavuta kigoda, akakaa.

Tulikuwa barazani, Mikindani, umeme umekatika. Wapwa zangu na wenzao wa jirani, sita kwa jumla, walikuwa mkekani na sinia la ming'oko katikati, chumvi na pilipili pembeni. Mimi nilikuwa na tochi ya simu na kitabu cha Kiingereza nilichokuwa nikikifasiri papo kwa papo: The Horse and His Boy cha C. S. Lewis, kilichotoka mwaka 1954. Ni kimoja kati ya vitabu saba vya Narnia, nchi ya kubuni ambako wanyama wanasema. Kwa Kiswahili ningekiita Farasi na Mvulana Wake, na hilo "wake" nitalirudia, kwa sababu ndipo penye mzigo.

Nilikuwa nimeonywa. Mwalimu mmoja wa sekondari, rafiki yangu wa Mtwara mjini, aliniambia niachane nacho: hadithi zetu tele, na hicho kinatutukana. Mwalimu mwingine, wa shule ya msingi, alinicheka: watoto wenyewe vitabu hawana, wewe unachagua utadhani uko sokoni? Wiki tatu sasa nasoma huku nikiwabeba wote wawili kichwani. Kila mmoja ana haki mahali fulani, na kila mmoja kuna sura hakuifikia.

Kisa chenyewe ni hiki. Kusini kabisa mwa nchi ya Calormen, kwenye kijihori cha bahari, mvulana Shasta anaishi na mvuvi Arsheesh anayemwita baba. Anafua nyavu, anazishona, anapika, anafagia. Anafika bwana mkubwa juu ya farasi wa vita, anakaribishwa kulala, na baada ya kula anataka kumnunua mtoto. Shasta anakwenda alikofungwa farasi, anamwambia laiti ungeweza kusema. Farasi anajibu kwamba anaweza. Jina lake Bree, aliibwa Narnia akiwa mdogo, na miaka yote hiyo alijifanya bubu kama farasi wengine. Usiku ule ule wanatoroka kuelekea kaskazini. Njiani wanaungana na Aravis, binti wa ukoo mkubwa anayekimbia kuozwa kizee wa miaka sitini na ushei, naye amepanda farasi jike asemaye, Hwin.

Anayekikataa kitabu hiki ana pa kushika. Watu wa Calormen wana ngozi nyeusi kidogo, vilemba, ndevu na vitara viunoni. Sarafu yao ni hilali. Mfalme wao hatajwi bila kuombewa aishi milele. Mgeni yule anajua Shasta si mtoto wa mvuvi kwa kumtazama rangi tu: shavu la mvuvi ni jeusi kama lake, mtoto ni mweupe kama watu wa kaskazini. Na wale wa kaskazini, kwenye kitabu, ndio huru, wachangamfu, wasema kweli. Mtu wa Kilwa au Lindi hahitaji miwani kujua mavazi haya yameazimwa ukumbi wa nani.

Wanaokitetea husema dini ya Calormen siyo Uislamu, na kwa hilo wamesema kweli. Watu wale wanaabudu sanamu, mungu wao Tash ana kichwa cha ndege na mikono minne, na wana miungu mingine. Mwislamu yeyote angeikimbia dini hiyo kabla ya Lewis. Lakini mtoto hasomi maelezo ya chini ya ukurasa. Anaona kilemba, anaona nani amekivaa, basi.

Hata hivyo watoto wangu hawakushtushwa na vilemba. Walichokishika ni methali. Shasta akiuliza kuna nini nyuma ya kile kilima, Arsheesh akiwa na hasira humzaba kibao. Akiwa ametulia humtolea maneno ya mshairi kwamba aulizaye yasiyomhusu anaipeleka jahazi ya ujinga kwenye mwamba wa ufukara. Mkeka mzima uliangua kicheko, na mpwa wangu mkubwa akamtazama babu yake kwa jicho la pembeni. Lewis anawakejeli watu wa kusini kwa kupenda methali, na mimi niliyelelewa kwa methali nilijikuta nimeguswa. Lakini nitabishaje? Nani huku hajawahi kuuliza swali la haki akapewa methali badala ya jibu? Dhihaka ile imetupiga, na imetupiga penye kidonda cha kweli.

Tena mwandishi huyo huyo, kurasa chache mbele, anatoa sifa ambayo wakosoaji hawaitaji. Aravis anapoanza kusimulia mkasa wake, Lewis anaeleza kwamba Calormen watoto hufundishwa kusimulia hadithi kama watoto wa Uingereza wanavyofundishwa kuandika insha, tofauti ikiwa hadithi watu hutamani kuzisikia. Sijaona mwandishi wa Uingereza akiikubalia pwani yoyote ya dunia kipaji kwa uwazi namna hiyo, halafu kwenye kitabu cha kuisema vibaya.

Hoja iliyonikaba ni nyingine. Watetezi huonyesha watu wema wa Calormen: Aravis mwenyewe, ambaye mwishoni anaolewa na Shasta na mtoto wao anakuwa mfalme mashuhuri, na askari Emeth wa kitabu cha mwisho, cha mwaka 1956, ambaye simba Aslan, mkuu wa Narnia, anampokea japo alimtumikia Tash maisha yake yote. Sawa. Lakini mtazame Aravis: wema wake wote unafunga safari. Mtu mzuri wa kusini ni yule aliyepanda kwenda kaskazini. Shasta na Bree hata wana ukelele wao wa kutia moyo, Narnia na Kaskazini!

Sasa hilo lisome ukiwa Mtwara. Kwa Watanzania neno Kusini lina watu wake, na watu hao ni sisi, Lindi na Mtwara. Tumetaniwa, tumeigwa lafudhi, tumeitwa wa nyuma. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika yakishika safari ya Dar ilikuwa ya kuaga kabisa. Mtoto wa hapa anakua akijua maisha yako juu kule, barabara inakoelekea. Siku ya pili yake niliwakuta watoto wamepanda ukuta wa uwanjani kama farasi, wanapiga kelele "Dar na Kaskazini!" Nilicheka, kisha nikaona si kicheko sana. Lewis hakuwahi kuifikiria Mikindani, wala simlaumu kwa hilo. Ila kitabu kikitoka mkononi mwa mwenyewe hakichagui kitatua wapi.

Na simba je? Aslan, Simba mkuu, ndiye mhimili wa Narnia. Anawakimbiza farasi usiku ili njia zao zikutane, anamkwaruza Aravis mgongoni, anatembea kando ya Shasta ndani ya ukungu bila kuonekana, kisha anamwambia simba wote aliowakimbia safari nzima walikuwa yeye mmoja. Mtoto wa Oxford anasoma hapo anafarijika. Mama yangu, ambaye kwao ni vijiji vya Lindi, aliinua mkono nisimame. Amekua akilala dunguni kulinda mahindi, nguruwe pori wakija usiku, na nyuma ya nguruwe anakuja simba. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, wilaya ya Lindi ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, na ukaeleza yale yale ya nguruwe ambayo mama angewaeleza bure. "Simba hatembei na mtu kwenye ukungu kwa wema," alisema. Huku kwetu simba akizidi ukaidi watu hunong'ona kwamba ametumwa, na aliyemtuma ni jirani. Sikuwa na jibu. Nilisema huyu ni wa hadithi, mama akasema hata wale walikuwa wa hadithi mpaka walipofika.

Suala la dini nalipita upesi, kwa sababu halina fumbo: Lewis alikuwa Mkristo, Aslan amechongwa kwa mfano wa Kristo, na mzazi ana haki ya kujua kabla mtoto hajakaa mkekani. Mimi niliwaambia. Mmoja alimzuia mwanawe, nikaheshimu. Ila asiyetaka kitabu kwa kuwa eti wanyama hawasemi, huyo arudi chuoni akasome habari za Nabii Suleiman, sisimizi na ndege hudihudi.

Maana wanyama kusema hapa si ugeni. Askofu Edward Steere alichapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini mchokora jaa anaokota thumuni, anamnunua paa, na paa anasema. Paa huyo anamtafutia bwana wake nguo, mke wa kifalme, na jumba alilomnyang'anya nyoka wa vichwa saba. Akija kuugua, bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama duni. Paa anakufa, mji mzima unamlilia, na yule bwana anajikuta tena jaani.

Kwa uzito wa huzuni, paa anamshinda Bree mara mia. Lakini paa anakufa akimwita mtu yule bwana. Bree hamwiti mtu bwana. Aravis anapolalamika kwamba Shasta anaongea na farasi wake badala ya kuongea naye, Bree anamkata: hayo ni maneno ya Calormen. Hwin ni huru, si farasi wako, na ukishika njia hiyo mtu anaweza kusema wewe ndiye binadamu wake. Hapo ndipo jina la kitabu linapofunguka.

Kulifasiri kulinipa kazi. Kiswahili kimekwisha kumpa farasi nafsi: anakula, anakimbia, anasema, "a" ile ile ya mtu, ambapo Kiingereza kina neno la kumweka mnyama kundi moja na meza. Lakini kwenye umiliki lugha yetu ina siri yake. Twasema rafiki yangu, ndugu yangu, lakini farasi wangu, ng'ombe wangu. Nikajaribu kumfanya Hwin rafiki kwa sarufi, nikasoma "farasi yangu". Watoto sita kwa sauti moja: "Wangu, Mjomba!" Nikarudi kwenye wangu.

Kwa sababu ya sentensi ile ya Bree, mimi nipo upande wa kusoma. Kilwa Kivinje, mwendo wa saa kadhaa kutoka hapa, palikuwa mwisho wa njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa, na watu waliuzwa pale kabla na hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara hiyo baharini. Mzee hakuhitaji nimweleze hilali ni nini. Alishika bei. Kitabu kinachomfanya farasi aulize nani ni wa nani kina watu wa kukisikiliza kwenye pwani hii kuliko kule kilikoandikwa. Kwamba mwandishi alikuwa mkarimu kwa farasi na bahili kwa watu wa kusini, hilo nimewaambia watoto waziwazi, na mwalimu wa sekondari nimemwalika aje awaambie vizuri zaidi yangu.

Tumebakiza sura mbili. Mwana wa mfalme wa Calormen atageuzwa punda, hapo najua watapiga yowe. Baada ya hapo Mzee amesema zamu ni yake: atasimulia ya paa, bila kitabu, na kwake yeye paa hafi. Nikamuuliza tangu lini paa hafi. Akasema tangu alipoanza kuwasimulia watoto.