Msiite Goti la Binti Bahati Mbaya

Januari 2024, Chelsea walitoa taarifa fupi: Sam Kerr, mshambuliaji wao na nahodha wa Australia, amechanika kano ya mbele ya goti, ile ACL inayotajwa kila msimu, akiwa kambini Morocco. Hapakuwa na marudio ya kutazama, wala beki wa kumlaumu. Timu ilikimbia baridi ya Uingereza ikajifue kwenye jua, ikarudi bila mfungaji wake.

Mazoezi yalikuwa yameshamnyang'anya kitu kabla ya hapo. Julai 2023, Kombe la Dunia likiwa nyumbani kwao, aliumia kigimbi katika mazoezi ya mwisho kabla ya mechi ya ufunguzi, akakaa nje nchi nzima ikimsubiri. Lile alipona upesi, na nusu fainali akawafunga England bao la mbali ambalo bado nalitazama. Goti halikumwachia hivyo. Lilimkosesha Olimpiki ya Paris, likamkosesha msimu wote wa 2024/25. Aliporudi Septemba 2025 dhidi ya Aston Villa alitokea benchi na kufunga, baada ya miezi 20 bila mechi ya ushindani. Nilifurahi sana, ila ile miezi 20 hairudi.

Neno lililonikera wakati wote huo ni "bahati mbaya", wanalolisema watu kila goti la mchezaji wa kike likichanika. Arsenal ya wanawake, msimu wa 2022/23 peke yake, iliwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither, wote kwa kano hiyohiyo. Wanne katika kikosi kimoja! Inajulikana kwamba mwanamke anayecheza mpira yuko katika hatari ya kuchanika kano hii angalau mara mbili kuliko mwanamume. Mara nyingi hata haguswi na mtu. Anatua baada ya kupiga kichwa au anageuka ghafla, goti linaingia ndani huku mguu umeshika ardhi, basi. Wataalamu wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu: umbo la nyonga, homoni, njumu zilizoundwa kwa mguu wa kiume, ratiba iliyobana. Sababu ambayo kocha wa mtaani anaweza kuigusa kesho ni moja: wasichana wengi hawajawahi kufundishwa kutua wala kuimarisha misuli ya paja.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo jioni moja kwenye uwanja wa vumbi, timu ya mabinti ikifanya mazoezi. Namba tisa wao, miaka 17, aligeuka na mpira, akaanguka peke yake. Wenzake walisema wamesikia kitu kimelia. Goti likaanza kuvimba hapohapo. Pale palikuwa na filimbi, koni na ndoo ya maji. Mtu wa huduma ya kwanza hapakuwa. Kuna aliyesema ni jicho la husda. Jioni hiyo akachuliwa kwa maji ya moto na dawa ya kuchua, jambo ambalo kwa goti bichi huzidisha uvimbe. Baada ya wiki mbili akaambiwa ajaribu kukimbia. Goti likawa linamtoka kila akigeuka. Hakuna aliyempeleka kupimwa, na mpira ukaishia hapo.

Kerr alipata kipimo, upasuaji na watu wa kumhesabia hatua. Huyu alipata pole.

Siwadai makocha wetu mashine za Chelsea. Nadai dakika 20. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, yaliyoandaliwa na kituo cha utafiti wa kitabibu cha FIFA, hayana malipo na hayataki kifaa zaidi ya mpira: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa na kuelekea sawa na vidole vya mguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa Norway, ulionyesha kuwa majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Kwa nini basi bado tunawaanzisha mabinti kwa kuzunguka uwanja mara tano, kisha wagawane vizibao wacheze?

Na likitokea, goti lililovimba saa ileile lisichuliwe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mguu uinuliwe, binti aende hospitali akapimwe kabla mtu hajamwambia akimbie. Kiongozi anayepata nauli ya kuipeleka timu mechi ya ugenini anaweza kupata na nauli ya bajaji ya mchezaji mmoja.

Yule namba tisa sasa ana miaka 19. Namwona akija uwanjani saa kumi na moja, anakaa kwenye tairi nyuma ya goli, akiwaokotea wenzake mipira inayotoka.