Hii Nyama Ni ya Paka, Jamani

Nimetolewa chumbani mwangu kwa kosa la kupiga chafya. Sikutukana mtu, sikuvunja kitu. Nimepiga chafya moja tu, chafya ya mtu mzima anayelipa kodi kabla ya tarehe tano, nikasikia Mama Nekesa akininong'oneza kwa ukali, "Baba Nekesa, toka! Utamshtua!" Nikatoka. Sasa niko jikoni, nimekalia mtungi wa maji usio na maji, kwa sababu sebuleni kumetandazwa nguo zilizokataa kukauka, na chumba cha kulala kina mwenyewe.

Mwenyewe ni paka.

Serikali inanikata asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa jina la nyumba za bei nafuu, na hii moja niliyopanga nimepunguziwa chumba.

Huyu paka alizaliwa Kileleshwa, kwenye nyumba yenye miti uani na majirani wasiopigiana kelele. Aliyekuwa akimfuga amehamia ng'ambo. Binti yangu Nekesa, anayesomea udaktari wa mifugo pale Kabete kwa karo ambayo leo tusiiguse, akatafakari jiji zima, akaona mahali panapomfaa kiumbe mwoga kuliko wote ni Umoja. Kwetu! Steji iko chini ya dirisha, kanisa la kesha liko mkabala, na katikati kuna kijana anayekata vyuma kuanzia saa mnazozijua. Akamleta ndani ya kikapu, akafungua kifuniko, na kabla sijaiona rangi yake paka akawa yuko uvunguni mwa kitanda. Tangu hapo namwita Mheshimiwa. Tunamlisha sote na hakuna aliyemtia machoni.

Nekesa akarudi hosteli, akaniachia masharti kwa simu. Apewe chumba kimoja kidogo kwanza, mlango ufungwe, azoee hapo kabla ya kuonyeshwa kwingine. Awekewe katoni yenye tundu, maana paka mwenye pa kujificha hutulia upesi kuliko anayekosa. Madirisha yafungwe majuma kadhaa mpaka ajue hapa ndipo kwake, la sivyo atatoka kutafuta Kileleshwa kwa miguu. Sahani ikae mbali na sanduku la mchanga, "kwani wewe Baba unaweza kulia chooni?" Chakula kije saa ile ile kila siku. Asivutwe kutoka uvunguni hata kidogo, atoke mwenyewe. Nikiingia niketi sakafuni, nisimkodolee macho, nifumbe na kufumbua polepole, maana ndivyo paka wanavyoambiana kwamba hakuna ubaya. Maziwa asipewe, tumbo la paka mkubwa mara nyingi haliyawezi. Na akikaa siku nzima bila kula nimpigie simu mara moja, kwa kuwa paka akishinda njaa siku kadhaa mafuta ya mwili humjaa kwenye ini na yanaweza kumuua.

Mimi nikishinda njaa siku kadhaa inaitwa mwisho wa mwezi.

Kwa masikio ndiyo usiseme. Nekesa anasema sisi binadamu tunasikia mpaka kama mitetemo 20,000 kwa sekunde hivi, tukifika hapo tumekwisha. Paka anaendelea hadi karibu 64,000. Masikio ya namna hiyo ndiyo yameletwa kuishi juu ya steji! Jumamosi asubuhi alipita yule jamaa wa kipaza sauti, "Panya, mende, kunguni, viroboto! Panya, mende, kunguni, viroboto!", na Mheshimiwa akapanda kabati lote kwa kupitia suti yangu ya harusi. Mchanga wa choo chake nimeutoa pale wanapojenga gorofa, nikiubeba usiku kwa kiondo, na bawabu sasa ananiita Injinia.

Lakini hayo yote ni madogo. Kilichonivua nguo mbele za watu ni bucha.

Sharti la chakula lilisema nyama ichemshwe, ikatwe vidogo, bila chumvi, na kitunguu kisikaribie sufuria kabisa. Kitunguu ni sumu kwa paka, kinamharibu damu. Sasa bei ya steki mnaijua, na mimi sina mpango wa kumlisha mnyama kitu ambacho nakutana nacho Krismasi. Nikaamua mapafu. Jumamosi hiyo hiyo jioni, saa ambayo bucha imejaa mtaa mzima, nikaingia na shati langu la kazini, nikamwamkia kila mtu kwa umri wake, nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha:

"Nipimie mapafu nusu kilo. Ni ya paka."

Kisu kikasimama hewani.

Mnajua nilichosikika nikisema.

"Ya paka," mwenye bucha akarudia, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha tangu nianze kukopa kwake.

"Ya paka."

"Sawa, mzee wangu. Ni wengi?"

"Mmoja."

"Nusu kilo, paka mmoja." Hakuuliza, alisema tu, akiangalia mizani. "Nikate kubwa ama ndogo?"

"Ndogo ndogo."

"Za kukaanga?"

"Za kuchemsha. Kwetu hatutii hata kitunguu. Wala chumvi."

Nyuma yangu mama mmoja akasema "Uuuwi!" na kushika kifua. Redio ikapunguzwa. Kijana wa boda aliyekuwa akisubiri mutura akanisogelea, akaniwekea mkono begani, mkono wa mtu niliyemzidi miaka thelathini.

"Mzee, usione haya. Mimi wakati wa korona nilikuwa na mbwa. Nilikuwa namnunulia mapafu hapa hapa. Siku nilipopata pikipiki, yule mbwa akapotea."

"Wangu yupo!"

"Hata wangu alikuwepo."

Kulikuwa na mwalimu mstaafu pale, mtu ninayemheshimu, mtu anayesoma gazeti lote pamoja na matangazo ya vifo. Nikamgeukia kama shahidi wa haki. Akavua miwani.

"Hebu tuambie, ana rangi gani?"

Swali la haki kabisa. Tena la darasa la kwanza. Nikafungua mdomo kulijibu, nikakuta sina jibu, kwa sababu nilichowahi kukiona ni mkia, tena stima ikiwa imepotea.

"Ni wa... kijivu. Au mweusi. Inategemea na taa."

Mwalimu akavaa miwani yake taratibu na kutazama nje, barabarani, kwa muda mrefu. Mwenye bucha akatupia mfupa juu ya mapafu bila kuupima. "Huu ni wa supu," akasema, "ya paka." Na nilipokuwa natoka, yule mama wa "Uuuwi" akanibana mkono, akanisukumia noti ya mia iliyokunjwa mara nne. "Nunua kitunguu, baba. Mungu anaona."

Mimi! Karani wa daraja la pili, mwenye meza na kiti kinachozunguka!

Ningesema yaliishia hapo, lakini mtaa wetu una mapenzi. Jumapili baada ya ibada hodi ikabishwa. Walikuwa watatu: mwenyekiti wa chama chetu cha maendeleo, mweka hazina wake, na mzee wa Nyumba Kumi. Wamebeba pakiti ya unga kilo mbili, mafuta nusu lita na vitunguu vitatu. Wameketi, wamekunywa chai ya rangi, wameuliza hali ya nyumbani kwetu Bungoma, wameuliza mvua. Kisha mwenyekiti akakohoa na kusema chama kimesikia.

"Mmesikia nini?"

"Tumesikia una... paka."

Nikaona huu ndio wakati wa kumaliza mambo. "Karibuni chumbani," nikasema, "mkamwone kwa macho yenu."

Wakakaribia. Jambo la kwanza mweka hazina kuliona ni lile beseni la mchanga pembeni mwa kabati.

"Na huu mchanga ni wa nini?"

"Ni choo."

Akaniangalia, akamwangalia mwenyekiti, akaniangalia tena. "Kumbe upande huu maji yamekatika kiasi hicho?"

Mzee wa Nyumba Kumi alikuwa ameinama kwenye sahani iliyoko sakafuni, anayachunguza mapafu. "Hiki kimeliwa nusu."

"Ndiyo. Hula usiku wa manane, sote tukishalala."

"Wengi hufanya hivyo," akasema mzee kwa sauti ya huruma. "Wanaona haya."

Nikawasha tochi ya simu nikamulika uvunguni. Kulikuwa na sanduku, kandambili moja, na giza. Mwenyekiti akataka aingize ufagio amtoe. Nikaruka! Nikamweleza sharti: havutwi, hatolewi kwa nguvu, ukimvuta leo umeongeza majuma mawili ya woga. Nikawaambia kuna njia moja tu, tuketi chini, tuzungumze kwa sauti ya chini, tufumbe macho polepole na kufumbua polepole, atajua hatuna ubaya, atakuja. Kwa heshima ya mwenye nyumba wakaketi. Mzee wa Nyumba Kumi ana goti, tulimsaidia kushuka. Basi tukawa hapo, wanaume watatu na mama mmoja mwenye cheo, sakafuni, tumeuelekea uvungu, tunafumba, tunafumbua, tunafumba. Chini, matatu ikapiga honi ile yenye wimbo. Ndani ya kabati kitu kikakwaruza.

"Mmesikia?" nikanong'ona.

"Panya," akasema mzee bila kufumbua macho.

Hapo ndipo Mama Nekesa alipoingia kutoka kwaya. Akakuta viongozi wa mtaa wameketi sakafuni chumbani mwake, macho yamefumbwa, na mumewe katikati. Hakuuliza kitu. Akapiga magoti, akasema "Amina." Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuiacha nafasi ikapita, akaipokea hiyo Amina na kuinua mikono. "Bwana, mkumbuke ndugu yetu katika hali hii ya kuona paka..."

Sikieni. Sina neno na Mheshimiwa. Lakini mimi niliingia Nairobi mwaka 1994 kwa basi la usiku, na nilikuwa mwoga kuliko yeye. Nani aliniwekea katoni yenye tundu? Nilishuka stendi ya Machakos, sanduku langu likapokewa na mtu niliyemdhani mwenyeji, na mpaka leo analipokea. Mjomba wangu wa Kariobangi alikuwa na chumba kimoja na watu saba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi jembe nilipewa alfajiri ya kwanza, nikaonyeshwa kwa kidole upande uliko Industrial Area, nikatembea. Nilipigiwa honi, nikafokewa na makanga, nikaitwa mshamba na mtoto wa shule ya nasari. Hakuna hata mtu mmoja katika mji huu aliyeketi sakafuni akanifumbia macho polepole. Hakuna aliyepiga simu Kabete kwa kuwa sikula! Na mpaka leo, nikirudi jioni nimesimama Jogoo Road saa mbili kwa sababu mvua imenyesha na nauli imepanda mara mbili, nikifungua mlango naambiwa nini? Naambiwa nivue viatu, vinamtisha.

Haya. Jumatatu nimeenda kwa mweka hazina kuomba mkopo wa karo. Akafungua katiba ya chama. Mwanachama aliyepokea msaada haruhusiwi kukopa mpaka miezi sita iishe.

"Lakini mmenisaidia unga!"

"Na vitunguu," akasema, akaandika.

Sijafika hata kwa mlango wangu, nikakutana na msimamizi wa ploti ngazini. Yeye ana habari njema: nyumba yenye mnyama inaongezewa shilingi mia tano kila mwezi, pesa za takataka.

"Mnyama gani? Wewe umemwona?"

"Sihitaji kumwona."

Mnaona dunia? Mtaa mzima umeshindwa kumwamini paka mpaka umwone, huyu kwa mia tano ameamini bila kuona!

"Bucha nzima inajua una paka," akasema.

"Bucha nzima inajua sina!"

Akatabasamu. "Basi chagua moja, mzee. Ama una paka, ulipe. Ama hauna, nikawaambie ni kweli."

Nitalipa. Nitafanyaje? Lakini hizo takataka zenyewe anazotozea pesa ziko langoni tangu majuzi ya kale, gari likija linachukua za watu wa chini tu kwa kuwa wale vijana wanasema ngazi zetu hazina mwanga. Na zisiwe na mwanga kwa nini, wakati tulichanga balbu ya gorofa ya tatu, hamsini hamsini kila nyumba, tukamkabidhi yeye mkononi? Mtoto wa jirani anasema ameiona inawaka. Inawaka vizuri sana, sebuleni kwa msimamizi.