Yego alijifundisha mwenyewe, tusimgeuze kisingizio

Fainali ya mkuki ya wanaume katika mashindano ya riadha ya dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, ilimpa dhahabu Keshorn Walcott wa Trinidad na Tobago kwa mrusho wa mita 88.16. Julius Yego wetu alikuwa wa 6 kwa mita 85.54, akiwa na umri wa miaka 36. Kenya ilirejea na dhahabu 7, zote za mbio, ikashika nafasi ya pili nyuma ya Marekani, na Nairobi ilikuwa na kila haki ya kushangilia. Katika shangwe ile nafasi ya Yego haikuzungumzwa sana. Mimi imenikaa moyoni, kwa sababu ameibeba fani hii karibu peke yake tangu Olimpiki ya London ya 2012, na Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 itamkuta na miaka 39. Akistaafu, Kenya iutengee mkuki fedha na makocha, au ikubali kwamba Yego alikuwa bahati ya mara moja na irudi kwenye mbio inazozijua?

Wanaosema turudi kwenye mbio hawasemi ovyo. Mtoto wa Iten au Kapsabet huanzia barabara ya vumbi iliyo mbele ya nyumba yao. Jirani yake huenda ni bingwa wa dunia, kambi iko karibu, kocha yupo, na mawakala wanasubiri. Hata akikosa nishani maishani mwake, mbio za barabarani za Ulaya na Asia zinaweza kumjengea nyumba na kuwasomesha wadogo zake. Mrusha mkuki wa kiwango cha kati hana soko kama hilo. Akifikisha mita 75 hakuna anayempigia simu. Kumwambia kijana wa Nandi aache mbio ashike mkuki ni kumtoa kwenye riziki inayoonekana na kumpeleka kwenye ndoto. Hoja hiyo ni ya tumbo, na hoja za tumbo naziheshimu.

Mbio zenyewe pia zina kidonda. Mwaka 2022 serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano za kupambana na pufya, yaani dawa za kusisimua misuli zilizopigwa marufuku, baada ya Kenya kunusurika kufungiwa. Mtu anayeuliza kwa nini tufungue mlango mpya kabla ya kusafisha nyumba tuliyonayo anauliza jambo la maana.

Hata hivyo, hoja ya mbio ina upungufu ambao ni nadra kuusikia ukitajwa. Katika mashindano ya dunia kila nchi huruhusiwa wanariadha watatu kwa kila fani, na wa nne huingia tu kwa nafasi maalumu kama ile ya bingwa mtetezi. Mkenya wa tano kwa kasi katika mita 5,000 angeweza kuwa nahodha wa timu ya nchi nyingine, lakini kwa Kenya hubaki nyumbani akitazama runinga. Kila shilingi tunayoiongeza kwenye masafa marefu inazidisha msongamano wa kugombea nafasi zilezile tatu. Kwenye mkuki nafasi hizo tatu zipo pia, na kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa tukijaza moja. India ilipeleka warushaji wanne Tokyo.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi: namna tunavyosimulia kisa cha Yego. Kila Mkenya anajua kwamba alijifunza kwa kutazama video za YouTube kwenye saiba, yaani duka la intaneti, akiwaiga Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norwei. Ni kweli, na ni ushujaa mtupu. Lakini tumeikata hadithi katikati. Kwa kujifundisha hivyo Yego alipata shaba kwenye mashindano ya Afrika hapa Nairobi mwaka 2010, na mwaka uliofuata akashinda dhahabu ya michezo ya Afrika jijini Maputo kwa mita 78.34. Huo ni umbali mzuri sana kwa kijana asiye na kocha. Ni umbali ambao pia haukupeleki kwenye fainali ya dunia. Baada ya Maputo alipewa ufadhili na shirikisho la kimataifa, akaenda Kuortane nchini Finland, akafundishwa na Petteri Piironen katika nchi ambayo mkuki kwao ni kama mbio za nyika zilivyo kwetu. London 2012 akarusha mita 81.81 kwenye mchujo na kuingia fainali. Moscow 2013 akarusha 85.40, akakosa shaba kwa sentimita 83 baada ya Mrusi Dmitry Tarabin kumpita raundi ya mwisho. Kisha ikaja Beijing, tarehe 26 Agosti 2015: mita 92.72, mkuki wa mbali kuliko wote uliorushwa duniani tangu 2001, Yego amelala kifudifudi karibu na mstari, na Kenya ina dhahabu yake ya kwanza ya dunia nje ya mbio. Rekodi hiyo ya Afrika haijavunjwa hadi leo.

Kwa hiyo YouTube ilimfungulia mlango, na kocha ndiye aliyempeleka ndani. Tukisimulia nusu ya kwanza pekee tunawapa viongozi wa michezo kisingizio kizuri: kwamba kipaji cha kweli hujitafutia njia, kwa hiyo hakidai bajeti. Mwaka 2016 bingwa huyo wa dunia alifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwenda Rio akakuta hana tiketi, ikabidi atafutiwe. Akaenda, akaongoza fainali kwa mita 88.24 mpaka raundi ya tano, Thomas Röhler wa Ujerumani alipofika 90.30, na akarudi na nishani ya fedha. Sidhani tunapaswa kujivunia kwamba alifaulu licha yetu.

Upande wa pili una jibu hapa pia. Wanasema mkuki ni mchezo wa matajiri: Wajerumani, Wafini, Wacheki, watu wenye maabara na madaktari wa viungo. Zamani ningekubali. Lakini tazama jukwaa la washindi la miaka ya karibuni. Anderson Peters, bingwa wa dunia wa 2019 na 2022, anatoka Grenada, nchi yenye watu wachache kuliko kaunti ndogo ya Kasarani. Walcott alitwaa dhahabu ya Olimpiki London akiwa na miaka 19. Arshad Nadeem wa Pakistan, ambaye miezi michache kabla ya Olimpiki ya Paris 2024 alikuwa akilalamika kwamba mkuki wake umechakaa, aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 92.97. Yego siku hiyo alirusha 87.72 na kuwa wa 5.

India ndiyo funzo lenyewe. Neeraj Chopra aliposhinda dhahabu ya Olimpiki jijini Tokyo mwaka 2021, kwa mita 87.58, wenzake hawakuishia kumpokea kwa ngoma. Miaka miwili baadaye, kwenye fainali ya dunia ya Budapest, Wahindi watatu walikuwa ndani ya sita bora, Neeraj akiwa bingwa. Sisi tulikuwa na bingwa wa dunia miaka sita kabla ya dhahabu hiyo ya Neeraj. Fainali ya Budapest haikuwa na kijana wetu yeyote wa kumrithi.

Kuna jambo moja ambalo wenye shaka wako sahihi kabisa, nami siwezi kulipunguza. Mkuki huumiza. Mrushaji hukimbia kwa kasi, hupishanisha miguu, kisha husimamisha mwili wote ghafla kwa mguu wa mbele ili nguvu ipande kiunoni, begani na kutokea mkononi. Asiyefundishwa hurusha kwa mkono peke yake, na kiwiko au bega ndilo hulipa. Yego mwenyewe aliumia katika ile fainali ya Rio, na miaka kadhaa iliyofuata ilikuwa ya kupambana na majeraha. Chombo chenyewe ni chuma cha gramu 800 chenye ncha, kinachotua mahali ambapo shule nyingi za Nairobi zina watoto mia mbili wanacheza kwa wakati mmoja. Kugawa mikuki bila walimu waliofunzwa ni hatari, na afadhali tusiigawe kabisa kuliko kuigawa hivyo.

Halafu kuna suala la nyasi. Nairobi imejiandaa kwa soka: kwanza CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Kasarani Agosti 2025, sasa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, na uwanja mpya wa Talanta ni kwa ajili ya soka. Mtunza uwanja hapendi kuona kapeti yake ikitobolewa, na simlaumu. Lakini mkuki hauhitaji uwanja wa mabilioni. Unahitaji njia ya kukimbilia yenye mita 30 hivi, eneo wazi la mita 100 lililozungushiwa kamba, na mtu mzima mwenye filimbi. Kiwanja kimoja cha namna hiyo kando ya Kasarani, kingine Eldoret au Kapsabet, kingetosha kuanzia.

Nikipima yote, sioni sababu ya kuzipunguzia mbio hata senti. Sioni pia sababu ya kujenga chuo kikubwa cha mkuki chenye jiwe la msingi na hotuba. Ninachokiona ni makocha wachache waliosomeshwa vizuri, mikuki ya umri tofauti inayokaa mahali pamoja chini ya usimamizi, na nafasi za kazi ndani ya polisi, jeshi na magereza kwa warushaji wanaofikisha mita 70, kama zilivyo kwa wakimbiaji. Yego ni afisa wa polisi, na mshahara ule ulimsitiri miaka ambayo mkuki haukumlipa. Hilo ndilo jibu la hoja ya tumbo, na tayari tunalo mkononi.

Nairobi ilikosa uenyeji wa mashindano ya dunia ya 2025, na sasa inautafuta wa 2029. Ikiupata, atakayerusha kwa niaba yetu lazima awe ameanza kufundishwa mwaka huu, si baada ya Los Angeles. Na mwalimu wa kwanza anajulikana. Yego aajiriwe kufundisha sasa, akiwa bado anarusha na vijana wanaweza kusimama kando yake na kuona mguu wa mbele unavyowekwa. Asisubiriwe mpaka siku ya kumuaga.